Joto Lizuiwe Nje ya Dirisha

Barabara ya Kangundo, ikitoka Komarock kwenda Ruai, inakatiza Njiru ikielekea mashariki. Kwa hiyo ghorofa zinazoinuka kandokando yake hutazama ama kaskazini ama kusini, na kwa jiji la Nairobi, lililo nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta, hiyo ni bahati kubwa. Wajenzi wengi wanaitupa. Wanafunika uso wa jengo kwa vioo kutoka chini hadi juu, kisha wapangaji wananunua feni.

Hesabu yake ni nyepesi. Mwezi wa Juni, jua la adhuhuri Nairobi huwa upande wa kaskazini, nyuzi 65 hivi kutoka usawa wa ardhi. Desemba huwa limehamia kusini, kwenye nyuzi 68. Dirisha la kimo cha mita 1.5 linahitaji slabu iliyochomoza kama sentimita 70 ili kioo chote kikae kivulini adhuhuri, hata katika siku zile mbili jua linapofika mwisho wa safari yake. Upande wa magharibi mambo ni magumu zaidi. Saa kumi na moja jioni jua limeshuka hadi nyuzi kama 25, na kukinga dirisha lile lile kungedai slabu ya zaidi ya mita 3. Hakuna anayejenga hivyo. Magharibi panataka ukuta mzito, au mbavu za wima zilizoinamishwa, au kimia cha zege.

Mwanga wa jua hupenya kioo bila shida. Ukishagonga sakafu na meza hugeuka joto, na joto hilo halitoki tena kwa urahisi ule lilioingia nao. Ndiyo maana pazia la ndani halifui dafu: linapolipokea jua, joto limeshakuwa chumbani. Kazi yote ya maana hufanyika nje ya dirisha.

Mafundi wa Lamu walilijua hilo karne nyingi kabla ya viyoyozi. Mitaa yao ni myembamba kiasi kwamba nyumba hutiliana kivuli. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene. Katikati kuna ua wa wazi, ambao wenyewe huuita kiwanda, unaotoa hewa ya moto juu na kuvuta ya baridi kutoka vyumbani na mitaani. Boriti za mikoko hazikuruhusu chumba kuwa kipana kupita mita 3 hivi, na upungufu huo ukawa faida, kwa kuwa chumba chembamba hupitiwa na upepo. Msanifu Amyas Connell, aliyefanya kazi Nairobi miaka ya 1950 na 1960, aliyachukua mafunzo ya namna hii na kuyatia katika zege. Hospitali ya Aga Khan ya Parklands ina vimia vya zege vinavyovunja jua kabla halijafika dirishani.

Mnara wa Nairobi unaotajwa kwanza panapozungumzwa kukinga jua ni KICC, jumba la mikutano la kimataifa. David Mutiso na Karl Henrik Nøstvik wa Norway waliuchora kwanza kama makao makuu ya chama cha KANU, ukakua kwa ajili ya mkutano wa Benki ya Dunia na IMF wa 1973, mwaka ambao Jomo Kenyatta aliufungua. Una ghorofa 28 na kimo cha mita 105. Watu husifu ukumbi wake uliochongoka kama paa la msonge. Mimi naona sifa hiyo imeelekezwa pasipo penyewe. Msonge wa nyanda za juu ulijengwa kupambana na baridi ya usiku, na kuiga umbo lake kwa zege hakumpozi karani hata nyuzi moja. Kinachompoza ni mbavu za zege zinazouzunguka mnara, na madirisha yaliyorudishwa nyuma yake. Mnara wa duara hauwezi kulikwepa jua, maana kila saa kuna upande unaolitazama, basi ukakingwa pande zote.

Ofisi za Umoja wa Mataifa za Gigiri, zilizofunguliwa Machi 2011 na Rais Mwai Kibaki na Katibu Mkuu wa Umoja huo, Ban Ki-moon, si mnara, lakini ndipo kanuni ya kiwanda cha Lamu ilipofanya kazi kwa watu 1,200. Majengo manne yana nyua za ndani zilizoezekwa. Hewa huingia madirishani, hupata joto la watu na mashine, hupanda uani na kutokea chini ya paa. Paneli za sola za mita za mraba 6,000 ziko juu. Nazitaja mwisho kwa makusudi: sola hutosha pale tu jengo lilipokwisha kupunguza njaa yake ya umeme.

Ila Nairobi haina hali ya hewa ya Lamu. Pwani usiku hautofautiani sana na mchana, kwa hiyo tegemeo ni upepo. Huku bara, usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na hata miezi ya joto usiku hupoa vizuri. Baridi hiyo inaweza kuwekwa akiba katika jiwe na zege. Msanifu Mick Pearce alifanya hivyo Harare, Zimbabwe, jiji lenye mwinuko wa karibu mita 1,500, unaokaribiana na wa Njiru. Jengo lake la Eastgate, lililofunguliwa 1996, lilijifunza kutoka vichuguu vya mchwa. Usiku feni huvuta hewa baridi na kuipitisha ndani ya sakafu za zege, na mchana sakafu hizo hurudisha ubaridi ofisini. Halina viyoyozi vya kawaida.

Jiwe tunalo. Njiru yenyewe imechimbwa mawe kwa miaka mingi, na machimbo yake yamelisha ujenzi wa Eastlands. Inaniuma kuona ukuta wa kioo ukisimama mwendo mfupi kutoka shimo la mawe.

Kandokando ya Barabara ya Kangundo kuna tatizo ambalo Gigiri haina: vumbi na honi za matatu. Dirisha la ofisi lililo juu ya stendi halifunguliwi, hata kama mchoro unasema litafunguliwa. Kwa hiyo hewa ichukuliwe nyuma ya ploti, juu ya ghorofa ya kwanza, kupitia matundu yenye wavu wa mbu, kisha ipande kwenye ua wa katikati. Ploti ya futi 50 kwa 100 inatosha, kwani upana wake ni mita 15 tu. Ubavu wake mrefu ukitazama magharibi, ngazi, vyoo na stoo viwekwe huko nyuma ya ukuta wa jiwe, wala mwenye ploti asitegemee kivuli cha jirani ambaye bado hajajenga. Mbele, barabarani, slabu ichomoze zile sentimita 70. Ua utamlia mwenye jengo chumba kimoja cha kupangisha katika kila ghorofa, na hapo ndipo mazungumzo na mchoraji ramani huvunjika.