Wajumbe Waliofungwa

Filamu ya Black Panther niliitazama mwaka 2018 kwenye banda umiza moja pale Gerezani, nyuma ya karakana za mafundi vyuma. Ilikuwa nakala iliyotafsiriwa. Watu wa Wakanda, ambao kwenye filamu lugha yao ni Kixhosa, walikuwa wanaongea Kiswahili cha Dar kwa sauti ya DJ mmoja, wanaume kwa wanawake. Tukafika pale kwenye maporomoko, wagombea wako vifua wazi, wanapigana ili mfalme apatikane. DJ akaacha kutafsiri, akasema la kwake: "Jamani, hawa wana ndege hazionekani kwa macho, lakini uchaguzi wao ni ngumi!"

Banda zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, ila utani ule nilitoka nao.

Siibezi filamu ile. Neno afrofuturizimu lilitungwa mwaka 1993 na Mark Dery, mhakiki wa Marekani, akiwauliza watu weusi wa kwao: aliyefutiwa jana yake ataiotaje kesho? Kwa mtu ambaye mababu zake waliuzwa, kuiona Afrika ambayo haikutawaliwa na yeyote, yenye treni zinazopaa na mwanasayansi binti wa miaka kumi na sita, si jambo dogo. Hata sisi, tuliokaa kwenye mabenchi ya mbao tukipepewa na feni moja, tulikaa wima kidogo siku ile.

Lakini itazame tena, umfuate N'Jobu. Huyu ni mdogo wake mfalme, ametumwa Oakland kama mpelelezi. Kule anaona weusi wenzake wanavyoishi, anaamini nchi yake ina cha kuwasaidia, anaishia kumsaidia mwizi wa madini yao. Kaka yake anamfuata, anamwamuru arudi akajibu mbele ya baraza. N'Jobu anachomoa bastola, anauawa palepale. Hoja yake haisikilizwi na baraza lolote. Miaka inapita, mwanawe anarudi na hoja ileile, na namna pekee ya kusikilizwa ni kupigana maporomokoni. DJ wetu alikuwa amegusa kidonda: nchi ile imeendelea kwa kila kitu, isipokuwa kusikiliza.

Hapo ndipo nilipokikumbuka kitabu nilichokichukia shuleni. Kusadikika cha Shaaban Robert kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Mwingereza. Darasani tulikitafuna kwa ajili ya mtihani: dhamira, wahusika, falsafa. Hakuna aliyetuambia kwamba tunasoma habari za nchi inayoelea angani. Nchi angani! Kingeandikwa leo, na kwa Kiingereza, tungekipanga rafu moja na akina Nnedi Okorafor bila kusitasita.

Karama anashtakiwa kwa kosa la kuanzisha elimu ya sheria. Mshitaki wake ni waziri, jina lake Majivuno. Karama anajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote nne, na juu mbinguni, na chini ardhini, wakajifunze mambo ya kuifaa nchi. Kila mmoja alirudi na maarifa. Kila mmoja akafungwa. Mwishoni Karama anashinda, na wafungwa wanafunguliwa.

Kitabu kina udhaifu wake. Majina ni ya kimaadili mno, hotuba ni ndefu, na safari za ajabu zinakatishwa na mawaidha. Halafu wajumbe wote ni wanaume. Ila kinajua jambo ambalo Wakanda, pamoja na utajiri wake, inalipita mbio: kuvumbua ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni nchi kukubali kumsikiliza aliyekwenda akarudi.

Mjumbe wa saba nilimpata Kenya, na ni mwanamke. Katika Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, dunia ya juu imekauka baada ya vita vya maji. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapata udongo wenye unyevu. Anaomba kibali cha kutoka nje akapande mbegu. Baraza linakataa, linamwambia anywe dawa za kuzuia ndoto. Anapelekwa kwenye mashine za mazoezi azalishe umeme kwa miguu yake. Anatoroka kwa msaada wa mwanamke mfanya usafi, anapanda mbegu jangwani, anaimwagilia maji yake ya mwisho. Shaaban Robert aliamini baraza linaweza kushawishika. Kahiu haamini. Kati ya hao wawili, mimi sijachagua.

Wiki iliyopita nilipita tena kwenye zile karakana. Mzee mmoja alikuwa anachomelea mashine ya kukamua alizeti, kaichora kwa chaki sakafuni. Nikamwamkia, nikamuuliza mchoro kautoa wapi.

"Marahaba. Kichwani, mwanangu."

"Umewahi kuipeleka kwa wahusika wakuandikishie iwe yako?"

Akavua miwani, akacheka. "Nilikwenda. Wakaniuliza cheti cha shule."

Jina la mtaa wetu tumelizoea kiasi kwamba hatulisikii tena: Gerezani. Siku ile nililisikia. Vijana wenzangu wanaoandika hadithi za kubuni za kesho huniuliza watoe wapi roboti na vyombo vya angani vya Kiafrika. Mimi nawauliza, kwenye hadithi zao, fundi huyu akirudi na mchoro wake, nani anamfungulia mlango, na anaulizwa swali gani la kwanza.