Vanishi Haifufui Ubao Uliooza

Ukiiona Morris Minor Traveller kwa mara ya kwanza, utadhani mbao zake za nyuma ni pambo. Sivyo. Katika gari hilo lililoundwa Uingereza kuanzia 1953 hadi 1971, fremu ya mti wa ash ndiyo inayobeba paa, madirisha na milango ya nyuma. Ikioza, gari hukataliwa kwenye ukaguzi wa usalama sawa na lile lililoliwa na kutu.

Ash ni mgumu na hunepa bila kuvunjika, ndiyo maana hutengenezewa mipini ya nyundo. Lakini ukikaa na unyevu huoza upesi. Adui wa pili ni jua: miale yake hupenya vanishi isiyo na rangi, huharibu uso wa ubao, vanishi ikabanduka na kupasuka. Maji yakishaingia kwenye ufa huo hayana pa kutokea, na doa jeusi huanza.

Tazama ubao ulio chini ya dirisha la kusukuma. Maji hutuama kwenye reli ya kioo, kisha maungio huyanywa, maana pale ubao ulipokatwa mirija yake iko wazi. Fundi makini huanzia hapo. Hubonyeza kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, kipande hicho hubadilishwa. Ubao ukiwa mzima, hukwangua vanishi yote ya zamani, hupiga msasa kufuata nyuzi, na doa hulitoa kwa asidi ya oksaliki, akivaa glavu na barakoa kwa kuwa ni sumu. Husuuza, kisha huuacha ubao ukauke kabisa.

Mkono wa kwanza ni wa vanishi ya boti yenye kinga ya jua, iliyozimuliwa nusu kwa nusu na tapentaini ili izame. Ncha za mbao hurudiwa mpaka zikatae kunywa. Ndipo hufuata mikono minne au mitano ya vanishi nzito, na msasa laini kati ya mkono na mkono. Mwisho huzibua vitundu vya kutolea maji kwenye reli.

Wanaopaka juu ya doa hupata mng'ao wa msimu mmoja, huku uozo ukiendelea chini yake. Kama unalo gari la namna hii, kagua ncha na reli hizo kila mwaka kabla ya majira ya baridi. Kopo la vanishi ni nafuu kuliko fremu mpya.