Mfalme Asiyechagua: Kompyuta na Watu wa Kati Kariakoo

Nadharia ya soko huria inafundisha kwamba mteja ni mfalme: yeye huchagua, muuzaji hutii. Hatuna budi kuipima nadharia hiyo kwa hali halisi ya Kariakoo.

Mwanafunzi anayetafuta kompyuta huulizwa ana shilingi ngapi. Haulizwi anataka mfumo endeshi gani. Mashine imekwisha pigwa Windows, kiwandani au na fundi wa duka. Winga anayempeleka dukani huishi kwa cha juu, hivyo humsifia mashine yenye cha juu kikubwa. Uchaguzi umefanywa kabla mfalme hajaingia mlangoni.

Watetezi wa soko watasema: watu hupenda walichokizoea. Ni kweli, lakini mazoea hayo yametoka wapi? Fundi anaijua Windows kwa kuwa ndiyo anayoletewa. Mwalimu anaifundisha kwa kuwa ndiyo iliyomo. Mazoea ni zao la usambazaji, si chanzo chake.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice: programu huria ya kazi za ofisi, kwa Kiswahili, bila malipo. Lakini kitu cha bure hakina cha juu. Kwa wanafunzi tunaowafundisha leo, jina hilo ni geni.

Mwaka huohuo Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya yuro milioni 497. Kosa mojawapo lilikuwa kuifungamanisha Windows na programu yake ya kuchezea muziki na video. Iliamriwa kuuza pia Windows isiyo na programu hiyo. Ikaiuza, kwa bei ileile, na karibu hakuna aliyeinunua. Amri iliongeza bidhaa; njia ya biashara haikuguswa.

Fundisho ni dhahiri: anayeshika njia ya kumfikia mtumiaji ndiye anayemchagulia. Kutafsiri programu na kuitoa bure ni hatua ya lazima, lakini haitoshi. Umma nao ni mnunuzi, tena mkubwa. Shule, halmashauri na ofisi zetu zitamke ndani ya zabuni kitakachowekwa katika mashine, na vyuo vya ufundi vifundishe mifumo zaidi ya mmoja. Kujitegemea hakuishii kwenye kutengeneza. Ni pamoja na kufikisha.