Pete ya Nje

Beringi ya gurudumu la mbele ikianza kuchoka, skuta husema mapema. Huja kwanza mvumo mwembamba unaopanda na kushuka kwa kufuata mwendo, na wengi hudhani ni tairi. Baadaye usukani huanza kuyumba kwenye kona, na diski ya breki hukwaruza pedi hata kama hakuna aliyeshika breki. Anayeijua kazi hii hangoji mpaka afike huko. Huisimamisha skuta kwenye stendi kubwa, huweka gogo chini ya sakafu yake ili gurudumu lining'inie, kisha hulishika juu na chini na kulitikisa. Likicheza, jibu limepatikana. Lisipocheza, hulizungusha polepole huku kidole kimegusa shokapu, kwa sababu kidole husikia mchanga ndani ya chuma kabla ya sikio.

Nimewahi kukaa kibarazani hapa Unguja nikimtazama jirani yangu, Maalim mstaafu wa hisabati, akiifanya kazi hii kwa skuta yake mwenyewe, mjukuu wake akimshikia vyombo. Karakana hana. Ana mkeka mkuukuu, sinia ya bati, nyundo, na boksi la soketi alilolikusanya kidogo kidogo. Naandika habari zake kwa sababu sijaona kazi nyingine inayoonyesha wazi kiasi hiki kwamba ustadi ni kujua nguvu ipite wapi na isipite wapi.

Beringi ni pete mbili, moja ndani ya nyingine, na katikati yake gololi zinazobingirika kwenye mfereji. Chuma chake ni kigumu sana, kimechanganywa kaboni kama asilimia 1 na kromi kama asilimia 1.5, na gololi zimesagwa hata kasoro ya uduara wao haifiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Pete ya nje hubanwa ndani ya habu. Pete ya ndani hupitiwa na ekseli, nayo huingia kwa mkono tu. Ukiyashika hayo mawili, hatua zote zinazofuata zinajieleza.

Kwenye ubavu wa pete kuna namba, na Maalim humsomesha mjukuu wake kuisoma kabla hawajaenda duka la spea. Tuseme ni 6202. Tarakimu mbili za mwisho zinataja tundu la ndani: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa tano. Kwa hiyo 6202 ina tundu la milimita 15. Kipenyo chake cha nje ni 35 na unene ni 11. Herufi 2RS zinamaanisha sili za mpira pande zote mbili, na hizo ndizo za kutafuta kisiwani kwetu, kwenye hewa ya chumvi na madimbwi ya masika. Wanaoelekeza mashine ya presha moja kwa moja kwenye habu wakati wa kuosha skuta wanazifupishia beringi zao maisha bila kujua. Maji yakishapenya sili, grisi haina muda.

Kutoa beringi ya zamani ndiko kwenye jasho. Ndani ya habu, kati ya beringi mbili, kuna bushi ndefu. Maalim huisukuma kidogo pembeni kwa ncha ya nondo iliyonyooka, akapata ukingo wa pete ya ndani, kisha hugonga huku na huku akiuzunguka ili beringi isitoke upande. Bushi ikigoma kusogea, huchukua bolti ya ukutani inayotanuka, akaichomeka kwenye tundu la beringi, akaikaza mpaka iume, kisha akaigonga kutoka upande wa pili. Hapa anaipiga pete ya ndani bila huruma. Beringi iliyotolewa hivyo hairudishwi, hata ikionekana nzima. Na miwani haivuliwi, maana chuma kigumu namna hii kikipasuka hurusha vipande.

Kuirudisha mpya kunataka mkono mwingine kabisa. Beringi zimelala kwenye friza usiku kucha. Habu, ambayo ni ya alumini, huzungushiwa kitambaa na kumwagiwa maji yanayochemka. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma: tundu la milimita 35 likiongezewa joto la nyuzi 60 hupanuka kama sehemu tano za mia za milimita. Ni kidogo mno kwa jicho, lakini beringi iliyokuwa ikigoma sasa inakubali kuingia kwa soketi na nyundo ndogo.

Soketi yenyewe lazima ikae juu ya pete ya nje peke yake. Siku moja mjukuu alichukua iliyo ndogo. Maalim akamzuia mkono: "Siyo hiyo, baba. Hiyo inagusa ya ndani." Ukiipiga ya ndani, pigo hupita kwenye gololi ndipo lifike pete ya nje, na kila gololi huacha kibonyeo kwenye mfereji. Huvioni. Lakini tairi ndogo ya skuta, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, huzunguka zaidi ya mara 600 kwa dakika, na gololi hupita juu ya vibonyeo hivyo bila kupumzika. Mvumo ule wa mwanzo hurudi mapema mno, na mwenye chombo hulaumu duka.

Beringi ya kwanza hupigwa mpaka sauti ibadilike, kutoka mlio mzito hadi mlio mkavu unaolia ndani ya habu yote. Imefika kwenye kituo chake. Kisha inaingia bushi ya kati. Ikisahauliwa, nati ya ekseli itazivuta pete za ndani zikaribiane, gololi zitabanwa ubavuni, na beringi mpya zitaungua kwa joto. Maalim huilaza bushi juu ya mpini wa nyundo, ili asiweze kushika nyundo bila kuigusa bushi kwanza. Beringi ya pili hushuka mpaka pete yake ya ndani iguse bushi, na hapo nyundo inawekwa chini. Kidole kikitiwa ndani lazima pete izunguke laini, na bushi isicheze.

Sili mpya, grisi kidogo kwenye midomo yake, gurudumu linarudi, nati inakazwa kwa kipimo cha kitabu cha skuta. Mwisho anaibonyeza breki mpaka iwe ngumu mkononi, kwa sababu pedi zilisukumwa nyuma wakati diski inaingia, na mbonyezo wa kwanza barabarani usingeshika kitu.