Nipe Mji: Uhakiki wa Jumba la Mzingile Lililotoka Kwenye Televisheni

Ukurasa huu wa uhakiki umezoea kupokea riwaya, tamthilia na diwani. Safari hii unapokea kazi isiyo na jalada wala mwandishi mmoja. Ni jumba la mchezo lililofunguliwa jijini London mwezi Machi 2016 kwa jina la The Crystal Maze Live Experience, ambamo watu walilipa kiingilio, wakavalishwa majaketi ya rangi moja kama timu, kisha wakakimbizwa chumba hadi chumba kutafuta fuwele. Nililitembelea mwaka 2018, wakati huo likiwa mtaa wa Angel, kaskazini mwa jiji. Tulikuwa wanane, walimu watano na wanafunzi watatu wa shahada za juu, wote wa Kiswahili, tuliokutanishwa huko na shughuli za masomo. Tulitoka Kampala, Bujumbura, Nairobi na Tanga.

Huenda msomaji akauliza jumba la michezo linahusu nini idara ya Kiswahili. Jibu langu ni kwamba jumba hili lina fanani, hadhira, jukwaa, fomula na kitendawili. Hizo ni sifa za fasihi simulizi, na kwa hiyo tuna haki ya kulipima kwa mizani yetu wenyewe.

Tuanze na nasaba yake, kwa sababu inaeleza mengi. Mwaka 1990 televisheni ya Ufaransa ilianza kuonyesha mchezo wa Fort Boyard, uliobuniwa na Jacques Antoine. Wenzetu wa Burundi na Rwanda waliokulia kwenye vipindi vya Kifaransa watakuwa wanaukumbuka: ngome ya mawe iliyosimama peke yake baharini, kati ya visiwa vya Aix na Oléron, na juu mnarani mzee mwenye ndevu nyeupe, Père Fouras, anayetega vitendawili. Mchezaji akishindwa kujibu, mzee anautupa ufunguo baharini. Waingereza nao waliitaka ngome hiyohiyo. Haikupatikana kwa wakati, ndipo Antoine akawabunia kitu kingine: mzingile wa kanda nne, kila kanda na zama zake. Mchezo huo, The Crystal Maze, ulionyeshwa na Channel 4 kuanzia mwaka 1990 hadi 1995.

Kanuni zake zilikuwa nyepesi. Timu ya watu sita huongozwa na nahodha. Nahodha humchagua mtu na aina ya kazi, yaani akili, nguvu, ustadi au fumbo. Mtu huyo huingia chumbani peke yake, mlango hufungwa, na saa huanza kuhesabu dakika mbili, mbili na nusu au tatu. Akitoka na fuwele, timu imepata sekunde tano za kucheza ndani ya kuba la kioo mwishoni. Akichelewa, anafungiwa humo, na timu haiwezi kumtoa mpaka itoe fuwele moja kama fidia.

Mwaka 2015, miaka ishirini baada ya kipindi cha awali kumalizika, wapenzi wake walichangishwa fedha kupitia intaneti ili jumba lijengwe. Lengo lilikuwa pauni 500,000, zikapatikana zaidi ya 900,000. Manchester nako kukafunguliwa jumba la pili mwaka 2017. Na mwaka 2016, Stephen Merchant alipoongoza kipindi maalumu cha hisani cha The Crystal Maze, kilirekodiwa ndani ya jumba lile la London. Televisheni ilizaa jumba, nalo jumba likaipa televisheni jukwaa. Mwanafunzi anayeandika kuhusu uhusiano wa masimulizi na vyombo vya habari asiukose mfano huu.

Sasa tuje kwenye fanani. Mwongozaji wa kwanza wa kipindi, Richard O'Brien, ni yule aliyetunga The Rocky Horror Show mwaka 1973. Aliongoza hadi 1993, kisha nafasi ikashikwa na Ed Tudor-Pole. Ufundi wa O'Brien ulikuwa katika kuwageuzia kisogo wachezaji. Mtu akihangaika chumbani, wenzake wakipiga kelele dirishani, yeye huigeukia kamera akatunong'oneza jambo, au akachukua kinanda chake cha mdomo akapuliza. Alikuwa na siri na sisi tuliokaa sebuleni. Mtambaji wa hadithi hufanya vivyo hivyo anapomkonyezea mtoto mmoja jicho wakati Sungura akimdanganya Fisi. Utamu unatoka kwenye pembetatu: fanani na hadhira wanajua, mhusika hajui.

Jumbani pembetatu hiyo imevunjika. Hakuna kamera na hakuna sebule. Kila aliyemo ni mhusika, na mwongozaji anayeiongoza timu, hata awe mcheshi namna gani, hana mtu wa kumnong'oneza. Isitoshe, timu nne huwa ndani kwa wakati mmoja, kila moja imeanzia kanda yake, na zote lazima zihame pamoja. Fanani amekuwa pia mtunza saa. Wanaolisifu jumba kwa kusema "ni kama kuingia ndani ya televisheni" hawajalitazama vizuri, kwani kilichoifanya televisheni ile ipendeze ni kwamba sisi tulikuwa nje.

Lakini kipo kilichokuja badala yake, nacho ni dirisha. Kila chumba kina mahali pa kuchungulia. Aliye ndani ana mikono lakini haoni chumba kizima, na waliye nje nao wanaona chumba kizima lakini hawana mikono. Kinachobaki kati yao ni lugha tu. Walimu wa lugha tunaijua hali hii kutoka vitabu vya mbinu, tunaiita pengo la taarifa, na kwa kawaida tunaitengeneza kwa kukata karatasi mbili na kuwapa wanafunzi wawili waliokaa dawati moja, ambao dakika ya pili wanachunguliana karatasi na kazi imekwisha. Jumbani huwezi kuchungulia karatasi ya mwenzako. Kuna kioo, na kuna saa.

Nisimulie chumba kimoja tu, cha kanda ya viwanda, bila kuifichua kazi yenyewe. Ndani alikuwa mwalimu mwenzetu wa Tanga, mzaliwa wa pwani. Mbele yake kulikuwa na kamba na mnyororo. Tuliokuwa nje tuliona kwamba unaotakiwa ni mnyororo. Kijana wetu wa Kampala akapaza sauti: "Vuta hiyo! Hiyo! Hiyo!" Mwalimu akaivuta kamba. Kijana akazidi: "Hapana, hiyo!" Akaivuta kamba tena kwa nguvu zaidi. Kwa kijana, "hiyo" ni neno la kuonyesha kitu chochote kilichoko mbele, kama tunavyosema mitaani kwetu na kama wanavyosema wengi Nairobi na Bujumbura. Kwa mwalimu, "hiyo" ni kamba. Mnyororo ungekuwa "huo". Alikuwa anatii sarufi, na sarufi ilimwambia avute kamba. Ilichukua muda mpaka mama wa Nairobi aliposema kwa utulivu, "Uvute, mwalimu, uvute," naye akaugeukia mnyororo bila hata kutajiwa jina lake.

Tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba upatanisho wa kisarufi ni muhimu, na wao wamezoea kuamini kwamba umuhimu wenyewe ni alama za mtihani. Pale dirishani kiambishi kimoja cha sauti moja kilibeba taarifa ambayo neno "hiyo" lililorudiwa mara tatu halikuweza kuibeba. Hata hivyo nisiutumie mfano huu kumpiga kijana fimbo. Angekuwa ndani mtu wa Kampala mwenzake, angeelewa baada ya "hiyo ya chuma", na fuwele ingetoka mapema zaidi. Kiswahili chake si kibovu. Kina njia nyingine ya kutofautisha vitu. Kilichokwama ni mkutano wa Kiswahili viwili ambavyo kila kimoja kilijiona ndicho Kiswahili. Hilo ndilo darasa letu la kila siku katika nchi hizi, ila darasani hakuna saa ya kulidhihirisha.

Jambo la pili lililojitokeza dirishani ni adabu. Wanafunzi wetu hawakuweza kumwamrisha mzee. Aliye ndani akiwa mwanafunzi mwenzao, amri zilitoka kavu: ruka, inama, geuza. Akiwa ndani mwalimu mwenye mvi, binti mmoja alisimama kiooni akisema, "Mwalimu, samahani, naomba ulizungushe hilo gurudumu." Saa ikaendelea kukimbia. Mchezo huu umejengwa juu ya lugha ambayo amri fupi kwa mkubwa si kosa kubwa. Sisi tulilipa sekunde kadhaa kwa ajili ya heshima, na sijaona aliyejuta.

Sasa hoja yenyewe. Katika mila zetu kitendawili huwa na malipo. Fanani husema "Kitendawili!", hadhira hujibu "Tega!" Kigali utasikia "Sakwe sakwe!" na jibu "Soma!", Bujumbura "Sokwe!" na "Niruze!", Kampala "Koyi koyi!" na "Lya!" Hadhira ya Kiswahili ikishindwa, fanani hudai: "Nipe mji." Hupewa mji, akajitapa jinsi alivyokwenda huko akala akashiba, kisha hutoa jibu. Anayetega kwamba nyumba yake haina mlango hukubali kusema, baada ya kulipwa, kwamba ni yai.

Linganisha na fuwele ya fidia. Timu imeshindwa, mwenzao kafungiwa, na mali ya wote inatolewa. Mpaka hapo ni mchezo uleule, na ninaamini ndiyo maana mtu wa kwetu akiuona mara ya kwanza hahitaji kuelezwa sana. Tofauti ni kinachonunuliwa. Mji hununua jibu, fuwele hununua mtu. Aliyefungiwa hutoka, lakini fumbo hubaki ndani, kwa sababu baada ya dakika chache timu nyingine itaingia chumba hichohicho. Jibu ni bidhaa ya jumba, na likitolewa bure biashara imeharibika. Mtazamaji wa televisheni mara nyingi aliondoka amejua kilichotakiwa kufanywa. Mgeni wa jumba anaweza kulipa, akashindwa, akakomboa mwenzake, akaenda nyumbani na fumbo lile tumboni mwake.

Ni hasara kubwa kuliko inavyoonekana. Kitendawili kikishajibiwa huwa mali ya mtoto aliyekisikia, na kesho yake atakitega kwa wenziwe akadai miji yake. Ndivyo vilivyotufikia sisi. Fumbo lisilojibiwa halirithiwi.

Hata fidia yenyewe imepungua uzito. Katika kipindi cha televisheni timu ziliwahi kumwacha mwenzao chumbani ili kuokoa sekunde tano, na mtazamaji aliumia kidogo. Ulikuwa uamuzi wa kitamthilia hasa: mtu au mali? Kati ya marafiki waliolipa kiingilio sawasawa, uamuzi huo si uamuzi tena. Nahodha wetu hakufikiri hata mara moja. Alitoa fuwele kabla hajaulizwa, akapigiwa makofi, tukaendelea.

Kuhusu kuba la mwisho sina mengi. Feni hupuliza vipande vya karatasi inayong'aa, vya dhahabu na vya fedha, na timu huvidaka. Vya fedha hutolewa katika hesabu ya vya dhahabu, na kwenye televisheni ilibidi zibaki alama 100 ili timu ishinde. Linapendeza kupigia picha. Lakini humo ndani hakuna anayezungumza na mwenzake, kila mtu anakwapua, na yote yaliyojengwa dirishani yanageuka kuwa upepo. Mtunzi wa tamthilia akinipa kilele cha namna hii nitamrudishia mswada.

Nayasema haya nikiwa na jambo mkononi. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Madarasa yanajaa watoto wasiokisikia nyumbani, na walimu vijana wanatafuta michezo. Wengi watakachokichukua kwanza ni kuba: zawadi, kelele, kugombania. Ningewasihi wachukue dirisha. Darasa lenye mlango wenye kioo linatosha, au hata pazia lenye tundu. Weka ndani vitu vitano vya ngeli tano tofauti, mwingize mwanafunzi mmoja asiyejua kinachotakiwa, wape walioko nje maelekezo, na uwakataze kutaja jina la kitu chochote wala kuonyesha kwa kidole. Watasema "hiyo" mara mbili, tatu, kisha watalazimika kutafuta "huo", "hicho", "hilo". Watoto wa mwaka wa kwanza wapewe dakika tatu.

Na dakika zikiisha kabla kazi haijakamilika, mwalimu adai mji. Atapewa Gulu au Gitega au Mombasa, aende, ale, anywe, arudi. Kisha awaonyeshe jibu, wote, waliokuwa ndani na waliokuwa nje.