Kurithi Ugonjwa au Kurithi Uwezekano? Uhakiki wa Istilahi za Jenetiki ya Baipola

Maelezo ya Kiswahili kuhusu jenetiki ya magonjwa ya akili huegemea kitenzi kimoja: kurithi. Makala hii inadai kwamba kauli "ugonjwa wa kurithi" hupotosha matokeo ya utafiti na kuwadhuru jamaa za wagonjwa.

Mwaka 1987, Janice Egeland na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa ukoo mmoja wa Waamish wa Pennsylvania, Marekani, uliokuwa na wagonjwa kadhaa wa baipola. Walieleza kuwa alama za DNA katika kromosomu ya 11 ziliambatana na ugonjwa huo katika ukoo. Mwaka 1989 hoja hiyo iliporomoka: jamaa zaidi walipochunguzwa, na wawili waliohesabiwa wazima walipougua, ushahidi ulitoweka.

Kisa hiki kina mafunzo mawili ya kiistilahi. Kwanza, kuambatana si kusababisha; alama huonyesha eneo la kupekua, si jeni yenyewe. Pili, neno "mzima" lilifunga hukumu mapema: wawili wale walikuwa hawajaugua. Hata hivyo, kiambishi -ja- nacho kina hatari yake, kwa kuwa "hajaugua" hudokeza kwamba ataugua, ilhali wengi wa ndugu na watoto wa wagonjwa hawapatwi na baipola maishani mwao.

Utafiti wa 2021 uliohusisha wagonjwa zaidi ya 40,000 ulibainisha maeneo 64 ya jenomu, kila moja likiwa na mchango mdogo. Mirathi hugawa mafungu yanayojulikana. Jenetiki hii hugawa uwezekano tu.

Suala hili linatuhusu moja kwa moja. Mradi wa NeuroGAP-Psychosis umekusanya sampuli za mate Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini, wakiwemo wagonjwa wa baipola. Katika jamii ambamo wazee huchunguza ukoo kabla ya posa, na husema mtoto wa nyoka ni nyoka, kauli "ugonjwa wa kurithi" yatosha kuvunja uchumba wa mtu asiye na dalili yoyote.

Tunapendekeza kamati za maadili zidai fomu za ridhaa ziandike "kurithi uwezekano wa kuugua", na badala ya "mzima" ziandike "hakuwa na dalili hadi siku ya uchunguzi". Maneno hayo ni marefu zaidi, lakini hayamhukumu mtu kwa ukoo wake.