Sukari Haiyeyuki Chaini: Tahakiki ya Istilahi za Hali za Maada

Afisa wa istilahi huulizwa maswali mengi na wafasiri na walimu, lakini katika uwanja wa fizikia na kemia swali lirudilo mara kwa mara ni hili: je, tuseme yabisi, mango au kigumu? Nyuma yake hufuata la pili: kimiminika au kioevu? Mimi mwenyewe nimeshiriki katika mabishano hayo kwa bidii, nikilitetea neno moja na kulishambulia jingine. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba mabishano hayo yametupotezea wakati. Kasoro imdhuruyo mwanafunzi haimo katika majina ya hali za maada, bali imo katika vitenzi tunavyotumia kueleza jinsi maada ibadilikavyo na jinsi chembe zake ziendavyo.

Tuanze na majina, tupate kuyaaga kwa heshima. Yabisi ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni ukavu; ndiyo maana maradhi ya viungo huitwa baridi yabisi. Mpinzani atasema: vipi barafu inayochuruzika maji iitwe kavu? Mango ni jiwe gumu la mviringo la kusagia na kulainishia vitu. Basi pamba, nayo ni mango? Kigumu kinashindwa mbele ya siagi na nta. Kimiminika kinatokana na kumimina, lakini mchele na mchanga pia humiminwa, na wala si vimiminika. Kioevu kinatukumbusha kulowa. Hata hivyo zebaki, ambayo katika joto la kawaida ni kioevu bila shaka yoyote, hukimbia juu ya kioo isikilowanishe. Neno gesi nalo mwananchi amelifahamu kwa mtungi wa jikoni, na ndani ya mtungi huo sehemu kubwa ya kinachoitwa gesi ni kimiminika kilichoshindiliwa, mtikise usikie.

Tukiyapima hivyo, majina yote yanaanguka, na yanaanguka sawasawa. Sababu ni kwamba tunayadai kazi isiyo yao. Jina la kitaalamu ni alama iliyofungwa kwenye fasili. Halilazimiki kubeba fasili nzima mgongoni. Mwanafunzi akishaambiwa kwamba yabisi ni maada yenye umbo na ujazo wake yenyewe, hatakwenda tena kuulizia ukavu. Kinachotakiwa ni kuchagua moja na kudumu nalo kitabu kizima. Katika makala haya nitatumia yabisi, kimiminika na gesi, bila ya kudai kwamba ni bora kuliko mengine.

Vitenzi vina hatari zaidi, kwa kuwa havijitangazi kuwa ni istilahi. Vinaingia darasani vikiwa na nguo za nyumbani, na hakuna anayeviuliza hati.

Niliwahi kuketi nyuma ya darasa moja la shule ya msingi, mwalimu akieleza kuyeyuka. Alieleza vema: yabisi hupata joto, ikawa kimiminika, kama barafu au samli juani. Ndipo mtoto mmoja akanyosha mkono, akasema, “Samahani Mwalimu, mbona sukari inayeyuka hata kwenye maji ya mtungini, na maji yale ni ya baridi?” Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akamwambia aketi, watalizungumza baadaye. Simlaumu mwalimu. Mtoto alikuwa amegusa ufa uliomo katika lugha tuliyowapa wote wawili.

Katika Kiswahili cha kila siku barafu huyeyuka, samli huyeyuka, sukari huyeyuka chaini, chumvi huyeyuka mchuzini, na hata mgeni aliyeondoka kimyakimya huambiwa ameyeyuka. Mazungumzo hayapati hasara, kwani muktadha unatosha. Paketi ya dawa ya kuharisha ikiandikwa “yeyusha katika lita 1 ya maji safi”, hakuna mzazi atakayeibandika motoni, kwa sababu lita ile ya maji imekwisha kumwonyesha njia. Katika sayansi, lakini, mambo ni mawili mbalimbali. Chumvi ya mezani huyeyuka kwa maana ya kwanza inapofikia nyuzi 801 za Selsiasi. Kama ndivyo iyeyukavyo mchuzini, basi sufuria yenyewe, kama ni ya alumini, ingekuwa imekwisha yeyuka zamani, maana alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Yanayotendeka mchuzini ni mambo mengine: molekuli za maji huizunguka chumvi, zikazing’oa chembe zake moja moja na kuzichukua. Pale hapana yabisi iliyogeuka kimiminika kwa joto. Pana maada mbili zilizochanganyika.

Pendekezo langu si geni. Kitenzi kumumunyika kimekwisha kutumiwa na baadhi ya waandishi wa vitabu vya kemia, pamoja na mmumunyo na kimumunyishi. Wako wanaokicheka, wakisema kumumunya ni kazi ya mtoto na peremende. Mimi naona hapo ndipo penye nguvu yake. Peremende kinywani haitafunwi wala haichomwi. Huisha polepole kwa kuchukuliwa na mate. Lugha yenyewe ilikuwa imekwisha kutupa mfano kamili wa jambo tunalolitafuta. Kwa hiyo kuyeyuka kuachiwe barafu, nta na chuma, na sukari imumunyike. Neno myeyusho, lililozoeleka kwa maana ya mmumunyo, itabidi lipumzishwe, maana haifai kulitenga tendo na kuliacha zao lake likiendelea na jina la zamani. Najua gharama yake: vitabu vilivyokwisha kuchapwa havibadiliki kwa siku moja.

Kitenzi cha pili ni kuganda. Maji huganda kwenye nyuzi 0, nayo yakipashwa moto hurudi kuwa maji. Maziwa nayo huganda, damu huganda. Lakini ukiyapasha moto maziwa yaliyoganda hutapata maziwa mabichi. Hapa sipendekezi neno jipya, kwani waganga hawatakubali kuiacha istilahi ya kuganda kwa damu, wala hawana sababu ya kuiacha. Yatosha mwandishi wa fizikia aseme mara ya kwanza kwamba kuganda anakokusudia ni kule kuletwako na kupungua kwa joto, tena kunakorejeka.

Sasa tuziingie chembe zenyewe. Kosa la kwanza ni la kusema kwamba chembe za yabisi “zimetulia”. Hazikutulia. Kila moja hutetema mahali pake, na joto likizidi mtetemo nao huzidi, mpaka zishindwe kushikana kama awali. Huko ndiko kuyeyuka. Mwandishi aliyekwisha kuandika “zimetulia” hana tena njia ya kueleza kwa nini joto liyeyushe kitu. Katika kimiminika chembe hupishana zikiwa bado zinagusana. Katika gesi huachana, zikaruka na kugongana. Vitenzi hivi vitatu, kutetema, kupishana na kuruka, vinamfundisha mwanafunzi zaidi ya majina yote tuliyoyagombania hapo juu.

Kosa la pili ni la neno chembe lenyewe, likiachwa bila mipaka. Mwaka 1827 Robert Brown wa Uingereza alitazama kwa hadubini vipande vidogo sana vitokavyo katika chavua, vikielea majini, akaviona havitulii. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza sababu kwa hesabu, na kuanzia 1908 Jean Perrin wa Ufaransa aliithibitisha kwa majaribio: vipande vile vinagongwa pande zote na molekuli za maji zisizoonekana. Mfasiri atumiaye chembe kwa vyote viwili ataandika kwamba “chembe husukumwa na chembe”, na ugunduzi wote umemponyoka. Kinachoonekana kwa hadubini ya kawaida na kiitwe chembe; kinachokisukuma, pale kinapojulikana, kiitwe kwa jina lake, molekuli au atomu.

La mwisho ni kule kuenea kwa harufu chumbani. Wengine huandika kutawanyika, wengine kusambaa. Mimi naona kusambaa ni bora, kwa kuwa mkutano ukitawanyika kila mtu ana kwake aendako, hali molekuli hazina makusudio. Molekuli za hewa huenda kwa mwendo wa kadiri ya meta 500 kwa sekunde, lakini harufu ya udi uliofukizwa ukumbini haifiki uani papo hapo. Kila molekuli hugongwa na jirani zake, ikageuzwa njia, ikagongwa tena. Msambao ni zao la kupotea njia mara nyingi mno, na lugha haina budi kuuacha upotevu huo uonekane.

Mtoto yule aliambiwa aketi. Alikuwa ameuliza swali la kemia, na jibu lake lilikuwa tayari katika Kiswahili, ila hatukuwa tumempa mwalimu wake. Wenye hoja za kutetea myeyusho na wazilete. Nitazisoma kwa makini. Lakini nawasihi wafasiri na walimu, kabla ya kuuliza tena kama tuseme yabisi au mango, wayapitie maandishi yao na kuvihesabu vitenzi.